Arabuni ya Chumba

Usiku hauwekwi ghalani. Mwenye mahindi wa Biharamulo aliyekosa mnunuzi leo hufunga magunia yake akangoja gulio la wiki ijayo. Mwenye kahawa wa Ngara huianika kahawa yake na kuingoja bei. Lakini mwenye kupangisha chumba kwa siku huuza kitu kinachokufa kila kunapopambazuka. Kitanda kilicholala kitupu usiku wa Jumanne hakiwezi kuuzwa Jumatano kwa jina la Jumanne. Kwa sababu hiyo swali linaloonekana kuwa la daftari tu, yaani mgeni akiweka nafasi kisha asije, arabuni yake irudi au ibaki, lina mzizi mrefu kuliko linavyodhaniwa. Ni swali la ahadi, na ni swali la hasara: nani aibebe pale ambapo pengine hakuna aliyekosa.

Ngara na Biharamulo ni wilaya za njia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwa Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hupita Nyakanazi na Lusahunga, kisha ikaelekea mipakani: Rusumo kwa mwendao Rwanda na Kabanga kwa mwendao Burundi. Wageni wa huko ni madereva wa malori na utingo wao, maofisa wenye safari za kazi, watu wa mashirika, ndugu wanaokuja harusini au msibani, wachunguzi wa nikeli ya Kabanga, na tangu 2019, ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, mtalii wa wanyama naye huingia katika hesabu. Hata boma la Wajerumani la Biharamulo, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, limewahi kulaza wageni. Mwenye nyumba wa Paje au Jambiani ana msimu wake: anajua lini chumba kilichoachwa na mmoja kitagombewa na watatu. Mwenzake wa Ngara hana msimu. Ana shughuli za watu wengine. Serikali ilipozifuta leseni za zamani za kuhodhi maeneo ya madini mwaka 2018, mradi wa Kabanga ulisimama. Mkataba mpya ukatiwa saini Januari 2021 na watu wa migodi wakarudi. Maamuzi hayo yote yalifanyika mbali, lakini hesabu ya vitanda hufanyika palepale mjini.

Mwenye nyumba wa namna hiyo, awe ameweka chumba chake katika programu ya simu inayoonwa dunia nzima au awe anapokea tu simu ya mgeni na kumwambia atume nusu kwa M-Pesa, analazimika kuchagua sharti. Masharti yaliyozoeleka ni ya daraja tatu. La kwanza ni laini: mgeni akifuta safari hata siku moja kabla, hurudishiwa chake chote. La pili ni la kati: hurudishiwa akitoa taarifa siku kadhaa kabla, tuseme tano. La tatu ni kali: akishaweka nafasi, kilichotolewa ndio kimetoka, au hurudi kiasi tu. Aghalabu mwenye nyumba huchagua kwa kupima kinachomuumiza. Aliyekwisha kuachwa na wageni watatu mfululizo huchagua kali. Mwenye nyumba mpya anayetafuta jina huchagua laini. Wote wawili wameuliza lipi litaniletea faida. Ni wachache wanaouliza lipi ni la haki, na swali hilo linastahili kuulizwa mbele, kwa sababu sharti likishaandikwa humfunga mtu ambaye hajajulikana bado.

Neno lenyewe, arabuni, limefika pwani kwa Kiarabu, na huko lilikotoka lilizua mabishano ya karne nyingi. Wanazuoni wengi wa fikihi, wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafii, waliuzuia uuzaji wenye sharti kwamba mnunuzi akighairi, muuzaji abaki na arabuni. Hoja yao ilikuwa kwamba huko ni kula mali ya mtu pasipo kumpa kitu. Madhehebu ya Hanbali yaliruhusu, yakitegemea habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kwa Safwan bin Umayya zama za Khalifa Umar ili iwe gereza: Umar akiridhia, biashara imepita, asiporidhia, Safwan ana mia nne zake. Upande huu ulisema kwamba muuzaji ametoa kitu, nacho ni kungoja. Msomaji asiye na shughuli na fikihi anaweza kuuweka mjadala huo katika lugha ya mtaani, ambako watu huiita arabuni kishika uchumba. Aliyetoa kishika uchumba amewafungia wengine mlango. Je, kufungiwa mlango kuna bei?

Kwa hakika kuna bei, lakini bei hiyo haiko sawa kila siku, na hapa ndipo kosa la sharti kali linapoanza kuonekana. Mgeni aliyeweka chumba mwezi mmoja kabla kisha akafuta wiki tatu kabla hajamfungia mtu mlango. Amekaa kizingitini kidogo akaondoka. Mgeni aliyefuta saa kumi na mbili za jioni, baada ya mwenye nyumba kuwarudisha wageni wawili, na shuka zimefuliwa na umeme wa LUKU umenunuliwa, ameuchukua usiku mzima. Kuwatoza wawili hawa kiasi kimoja ni kutoza jina la kosa na kuacha uzito wake. Lipo pia tukio la tatu, ambalo wenye nyumba hawapendi kulitaja: chumba kimeachwa, kikapata mgeni mwingine usiku uleule, na arabuni ya kwanza ikabaki mfukoni. Hapo usiku mmoja umeuzwa mara mbili. Mwenye nyumba hakupata hasara; alipata mavuno. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, katika kifungu chake cha 74, inaelekea upande huu: kiasi kilichotajwa katika mkataba kuwa malipo ya atakayeuvunja huchukuliwa kuwa dari, na aliyevunjiwa hustahili fidia ya kadiri chini ya dari hiyo. Maandishi ya mkataba peke yake hayageuzi adhabu kuwa haki.

Mpaka hapo aliyefuta ni mgeni aliyebadili nia, naye si mgumu kumhukumu. Ahadi ni deni, na mwenye deni hulipa kadiri ya alichokwamisha. Ugumu huja pale hasara inapokuwa haina mkosaji. Mwaka 1902 mji wa London ulijiandaa kumtawaza Mfalme Edward wa Saba. Bwana mmoja, Henry, alikodi vyumba vya bwana Krell katika barabara ya Pall Mall kwa siku mbili za mchana, tarehe 26 na 27 Juni, ili atazame msafara dirishani. Kodi ilikuwa pauni 75, naye akatanguliza 25. Siku mbili kabla, mfalme akapasuliwa kwa maradhi ya tumbo na sherehe ikaahirishwa. Vyumba vilikuwepo, madirisha yalikuwepo, barabara ilikuwepo. Kilichokosekana ni kile kilichovipa vyumba vile thamani. Krell akadai pauni 50 zilizobaki. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 1903 kwamba Henry hadaiwi, kwa kuwa msingi wa makubaliano umeondoka. Naye Henry, aliyekuwa amedai arabuni yake irudi, aliliacha dai hilo. Basi hasara ikabaki pale ilipoangukia: 25 kwa huyu, 50 kwa yule.

Hukumu ile inasomeshwa mpaka leo, na inafaa kusifiwa kwa jambo moja: ilikiri kwamba wawili wanaweza kukosa wote bila ya yeyote kuwa mkosaji. Lakini iliachia bahati kazi ya kugawa. Lau Henry angekuwa ametanguliza pauni zote 75, au hakutanguliza hata moja, mizani ingelala upande mwingine, ilhali ugonjwa wa mfalme ni uleule. Haki inayotegemea nani alitoa pesa mapema ni haki ya nusu.

Biharamulo ililijua suala hili bila ya kwenda London. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa rasmi kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani humo. Haukuwa mlipuko wa kwanza mkoani Kagera. Ule wa Machi 2023, wilayani Bukoba, ulikuwa na wagonjwa tisa na kuua sita. Huu wa Biharamulo ulihesabiwa kuwa na wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walifariki. Tarehe 13 Machi 2025 ulitangazwa kwisha. Shirika la Afya Duniani halikushauri kuzuia safari wala biashara na Tanzania. Basi na afikiriwe mwenye nyumba ya vyumba vinne katika wiki ile ya Januari. Barabara iko wazi, nyumba yake safi, hakuna mgonjwa katika mtaa wake. Simu yake inalia: mgeni wa kwanza anafuta, wa pili anafuta, wa tatu anauliza. Yeye ana mkopo, ana mfulia shuka anayelipwa kwa wiki, ana mlinzi.

Wageni wake hawalingani. Yuko aliyezuiwa: ofisi yake imemkataza kusafiri, kama madereva wa Tanzania walivyokwama Rusumo mwaka 2020, Rwanda ilipowataka wakabidhi magari kwa madereva wa upande wa pili kwa sababu ya Korona. Huyu hana hiari. Yuko aliyeogopa: hakuna aliyemkataza, lakini amesikia jina la ugonjwa na jina la wilaya katika sentensi moja. Hofu yake haikosi akili, kwani Marburg huua wengi wa inaowapata. Lakini ni hofu yake, na mwenye nyumba hakuiuza. Tena yuko aliyeona upenyo: alikwisha kuchoka na safari, na maradhi ya wengine yamempa udhuru. Watatu hawa wanatuma ujumbe wenye maneno yaleyale. Sharti laini linawasamehe wote, pamoja na yule wa tatu. Sharti kali linawaadhibu wote, pamoja na yule wa kwanza. Mwenye nyumba hana darubini ya kuona mioyo.

Na yuko mgeni wa nne, naye ndiye anayelipeleka suala hili nje ya daftari. Huyu ameweka chumba mji mwingine, amelipa, na asubuhi ya safari anaamka na homa kali na kichwa kinagonga. Dalili za Marburg huanza hivyo, kwa ghafla, baada ya siku mbili mpaka ishirini na moja za kukaa na virusi mwilini. Malaria nayo huanza hivyo. Yeye hajui ana nini. Akibaki nyumbani na kwenda zahanati, pesa yake imepotea. Akimeza panadoli na kupanda basi, pesa yake imepona. Sharti kali limemwekea ujira wa kuficha homa. Halikusudii hilo, na aliyeliandika angeshtuka kuambiwa hivyo, lakini masharti hufanya kazi kwa mtu aliye mbele yake na hayamwulizi mwandishi wake alikusudia nini. Atakayeshika shuka zile kesho yake ni yule mfuaji, na virusi hivi hupita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa na vilivyochafuliwa nayo. Mwenye nyumba aliyedhani analinda mshahara wa mfanyakazi wake huenda amemwalikia maradhi.

Kutokana na hapo mtu anaweza kukimbilia kusema: basi zirudishwe zote, kila mara, rehema ishinde. Hoja hii ina mvuto, nayo ilipata kujaribiwa kwa kiasi kisichowahi kuonekana. Machi 2020, Korona ilipofunga dunia, kampuni ya Airbnb iliwaruhusu wageni waliokuwa wameweka nafasi kabla ya katikati ya mwezi ule wafute na kurudishiwa chote, hata kama mwenye nyumba alikuwa ameweka sharti kali. Wageni walishukuru. Wenye nyumba, ambao wengi walikuwa na madeni ya nyumba zilezile, waliona rehema imetolewa kwa mfuko wao bila ya kuulizwa. Kabla ya mwezi kwisha mkuu wa kampuni, Brian Chesky, aliwaomba radhi kwa namna uamuzi ulivyofikishwa, na zikatengwa dola milioni 250 za kuwalipa robo ya ambacho wangepata kwa masharti yao. Funzo lake ni jepesi kulitamka: ukarimu ni wa yule anayeulipia. Anayesamehe deni la mwenziwe hajasamehe kitu. Vivyo hivyo mwenye nyumba anayerudisha arabuni zote kisha akamwambia mfuaji kwamba wiki hii hakuna mshahara hajawa karimu. Ameuhamisha mzigo kwa mtu asiye na chumba cha kupangisha wala safari ya kufuta.

Wengine husema: kwa nini liwepo sharti hata kidogo? Aachwe mwenye nyumba asikilize kila mgeni na kuamua kwa utu wake. Ni kauli yenye harufu ya ujirani mwema, na katika kijiji cha watu wanaojuana huenda ikatosha. Njiani haitoshi. Penye hiari tupu, anayerudishiwa ni mwenye ulimi, mwenye cheo, mwenye jamaa mjini, au yule ambaye mwenye nyumba anatumai atarudi tena. Dereva kutoka Bujumbura ambaye Kiswahili chake ni cha kukatika, au mama aliyekuja kumuuguza ndugu hospitalini na hajui namna ya kubembeleza kwa simu, hupata kidogo. Sharti lililoandikwa ni haki ya mgeni asiyejulikana. Humwambia kabla hajatoa pesa ni kitu gani kitamfika, naye huchagua akijua. Rehema inaweza kuja juu ya sharti. Ikiwekwa mahali pa sharti hugeuka upendeleo.

Fauka ya hayo, mazungumzo haya aghalabu husahau kwamba mwenyeji naye hufuta. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kwa kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Mashirika ya misaada yakamiminika Ngara yakitafuta nyumba, na pesa zao zilikuwa nyingi kuliko za mwalimu au bwana afya aliyekuwa amepanga. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao, na mashirika mengi yakafunga mizigo. Katika nyakati za namna ile mwenye chumba hujaribiwa kusema kwamba bomba limepasuka, chumba hakifai, mgeni atafute kwingine. Na saa mbili baadaye chumba kina mtu wa bei ya juu. Sharti linalomtoza mgeni anayevunja na kumsamehe mwenyeji anayevunja halina insafu, hata likiandikwa kwa lugha ya upole. Kama kungoja kwa mwenye nyumba kuna bei, na kutangatanga kwa mgeni usiku katika mji asioujua kuna bei, tena huenda ikawa kubwa zaidi.

Basi ni sharti gani achague? Kipimo kimoja ni kujiweka mahali pa mtu asiyejua kesho atakuwa nani: mwenye nyumba, mgeni aliyezuiwa, mgeni mwenye homa, au mfuaji wa shuka. Mtu huyo hangechagua kali wala laini. Angetaka kinachobaki kipande kadiri siku inavyokaribia, kwa sababu nafasi ya kupata mgeni mwingine inashuka kadiri hiyohiyo. Angetaka chumba kikipata mtu mwingine, arabuni irudi, ukitolewa tu usumbufu wa kweli. Penye amri ya serikali, mpaka uliofungwa au maradhi yaliyotangazwa, angetaka hasara igawiwe nusu kwa nusu kwa maneno yaliyoandikwa mapema, ili isiachiwe bahati ya nani alitanguliza kiasi gani. Mwenye homa angemruhusu kusogeza tarehe bila ya kutozwa na bila ya kuombwa cheti, maana cheti nacho ni safari. Na mwenyeji akivunja, alipe kwa kipimo kilekile, pamoja na kumtafutia mgeni mahali pa kulala usiku ule.

Sharti hilo lina tundu, na haifai kulificha. Atakuwepo atakayedai homa asiyo nayo. Mwenye nyumba wa Biharamulo atadanganywa mara moja, pengine mara nne kwa mwaka, na kila mara atapoteza usiku mmoja. Hiyo ndiyo bei ya sharti la haki, na ni heri itajwe waziwazi ili aiingize katika kodi ya chumba tangu mwanzo, kama anavyoingiza sabuni na LUKU. Wageni wote watailipa kidogo kidogo, waongo na wakweli, nao wakweli hawatakuwa wamepata hasara bure: watakuwa wamenunua ruhusa ya kuugua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Januari ile, mwenyeji wa Biharamulo alihitaji pia kuweza kumwambia mgeni asije, na mgeni alihitaji kuweza kumtii bila ya kufilisika.